Briji: Zabuni ya uhamisho humpa mwenye karata dhaifu zamu ya pili ya kusema

MWENZI wako amefungua mnada kwa Bila Turufu 1. Mpinzani aliye kati yenu amepita. Unazitazama karata zako kumi na tatu na kukuta kopa tano, iliyo kubwa kuliko zote ikiwa ghulamu, na nje ya hizo huna ree wala mfalme. Utasema nini?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi. Ungesema Kopa 2, mwenzi angenyamaza, na mchezo ungeanza. Leo wachezaji wengi wa mashindano hawasemi hivyo. Husema Uru 2, ingawa pengine mkononi wana uru moja tu, na mwenzi hujibu Kopa 2 bila kusita. Huo ndio uhamisho: zabuni inayotaja jamii moja ya karata kwa nia ya kumwamuru mwenzi aitaje jamii inayofuata.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya briji, maelezo machache yanahitajika kabla ya kuendelea. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, nao huitwa kwa majina ya pande za dunia: Kaskazini ni mwenzi wa Kusini, na Mashariki ni mwenzi wa Magharibi. Kabla ya karata kutupwa hufanyika mnada ambamo kila upande hutaja ni mizunguko mingapi, zaidi ya sita, itakayoila kati ya kumi na mitatu, na kwa turufu ipi. Kopa 2, kwa mfano, ni ahadi ya kula mizunguko minane kopa ikiwa turufu.

Anayecheza karata za turufu hapa mwambao ameshaelewa nusu ya jambo. Majina yenyewe, yaani kopa, uru, shupaza na hata turufu, tuliyapata kwa Wareno. Katika mnada wa briji jamii hizo hupangwa ngazi kwa ngazi: pau iko chini kabisa, kisha uru, kopa, shupaza, na juu yao wote kuna Bila Turufu, ambapo hakuna jamii yenye ubabe juu ya nyingine.

Mambo mawili katika kanuni za mchezo ndiyo yaliyozaa uhamisho. La kwanza, katika upande ulioshinda mnada, mchezaji wa kwanza kuitaja jamii iliyokuwa turufu ndiye anayekuwa mwenye mkataba. Mwenzi wake hulaza karata zake wazi mezani na kubaki mtazamaji. La pili, karata ya kwanza hutupwa na mpinzani aliye kushoto kwa mwenye mkataba.

Nguvu ya mkono huhesabiwa kwa pointi: ree ni 4, mfalme 3, bibi 2 na ghulamu 1. Kufungua Bila Turufu 1 kwa kawaida ya sasa hutangaza pointi 15 hadi 17 na mkono uliosawazika, usio na jamii ndefu sana wala jamii iliyokosekana. Nchini Uingereza wapo wengi waliolelewa na zabuni hiyo ikiwa na pointi 12 hadi 14 tu. Nao hutumia uhamisho vilevile, ingawa hesabu za anayejibu hubadilika.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Baada ya Bila Turufu 1, jibu la Uru 2 lina maana ya kwamba anayejibu ana kopa tano au zaidi, na jibu la Kopa 2 lina maana ya kwamba ana shupaza tano au zaidi. Aliyefungua mnada hutii. Hana ruhusa ya kupita, hata kama ana uru nzuri na kopa mbili mbovu, kwa sababu mwenzi bado hajasema lolote kuhusu nguvu yake: anaweza kuwa hana pointi hata moja, na anaweza kuwa nazo 15.

Briji ya mkataba tunayoicheza leo ilipata sura yake mwaka 1925, pale Mmarekani Harold Vanderbilt alipoupanga upya utaratibu wa alama akiwa safarini kwa meli. Uhamisho ulikuja karibu miaka thelathini baadaye. Msweden Olle Willner aliuandikia makala kadhaa nchini kwake katika miaka ya 1953 na 1954. Kwa Wamarekani ulifikishwa na Oswald Jacoby mwaka 1956, na ndiyo maana hadi leo unaitwa kwa jina lake karibu kila mahali, jambo ambalo kwa haki ya Willner si sawa sana.

Sababu inayotolewa kwanza katika vitabu vingi ni kwamba uhamisho huufanya mkono wenye nguvu ufichike. Sababu hiyo ni ya kweli, na mfano ufuatao utaonyesha uzito wake.

Kusini ana mfalme, 6 na 2 za shupaza. Ree, 10 na 4 za kopa. Ree, 9, 7 na 3 za uru. Ree, bibi na 8 za pau. Hizo ni pointi 17. Kaskazini ana 7 na 4 za shupaza. Mfalme, bibi, 9, 7 na 5 za kopa. 8, 6 na 2 za uru. Mfalme, ghulamu na 4 za pau. Hizo ni pointi 9.

Magharibi ana ree, bibi, 9 na 3 za shupaza. 6 na 3 za kopa. Mfalme, bibi na ghulamu wa uru. 10, 9, 6 na 3 za pau. Mashariki amebaki na ghulamu, 10, 8 na 5 za shupaza. Ghulamu, 8 na 2 za kopa. 10, 5 na 4 za uru. 7, 5 na 2 za pau.

Mkataba ni Kopa 4, yaani mizunguko kumi. Kopa zitakula mara tano, pau mara tatu, na ree ya uru mara moja. Hiyo ni tisa. Unahitajika mmoja zaidi.

Tuseme Kaskazini amezitaja kopa mwenyewe, kwa lugha ya zamani, naye ndiye mwenye mkataba. Mashariki ndiye anayeanza, na karata za Kusini zimelazwa mezani wazi. Mashariki hutupa ghulamu wa shupaza. Mfalme wa Kusini yuko katikati ya mtego: akipanda, Magharibi humla kwa ree na kuongeza bibi, asipopanda, ghulamu hula, kisha mzunguko wa pili mfalme huyo huyo hunaswa na ree. Ni mizunguko miwili imekwenda. Baadaye Magharibi hula miwili ya uru, na mkataba huanguka kwa mmoja. Hakuna ustadi wa kuuokoa.

Sasa turudie kwa uhamisho. Kusini hufungua Bila Turufu 1, Kaskazini husema Uru 2, Kusini hujibu Kopa 2, Kaskazini husema Bila Turufu 2, na Kusini mwenye pointi 17 na kopa tatu huruka hadi Kopa 4. Karata ni zilezile na mkataba ni uleule, ila mwenye mkataba amekuwa Kusini, na anayeanza ni Magharibi.

Magharibi hawezi kuigusa shupaza bila kumpa mfalme wa Kusini mzunguko, na huo ndio wa kumi. Kwa hiyo hutupa mfalme wa uru, chaguo ambalo yeyote angelifanya. Kusini hula kwa ree, huzimaliza turufu za wapinzani kwa mizunguko mitatu, kisha hucheza uru. Magharibi hula kwa lazima, kwani ana bibi na ghulamu tu katika jamii hiyo. Akirudisha pau, Kusini hula na kucheza uru tena, na Magharibi hula tena. Mashariki, ambaye ndiye pekee angeweza kumshambulia mfalme wa shupaza, hapati nafasi ya kuanza hata mara moja. Sasa uru 9 ya Kusini imebaki peke yake mezani. Juu yake Kaskazini hutupa shupaza moja, na mkataba hutimia: zimepotea uru mbili na shupaza moja.

Katika mashindano ya jozi, ambamo karata zilezile huchezwa kwenye meza nyingi, tofauti ya namna hiyo ndiyo inayopanga majina juu au chini ya orodha. Mkataba wa Kopa 4 ukitimia huleta zawadi ya alama 300 au 500, kulingana na hali ya meza, juu ya alama za mizunguko yenyewe.

Hata hivyo, si kila mgawo wa karata huwa na mfalme wa kulindwa. Mara nyingi mkataba hutimia au huanguka pande zote mbili vilevile. Kwa maoni ya mwandishi huyu, faida kubwa zaidi ya uhamisho ni ile isiyosifiwa sana na walimu: zamu ya pili.

Katika lugha ya zamani, aliyesema Kopa 2 alikuwa amemaliza hotuba yake. Ilikuwa na maana ya udhaifu, na mwenzi alitakiwa kupita. Aliyekuwa na nguvu aliruka hadi Kopa 3. Mwenye kopa tano na pointi 8 au 9, ambaye si dhaifu wala si mwenye nguvu, hakuwa na mahali pa kusimama. Alilazimika kuchagua kati ya kuzificha kopa zake na kuusukuma mnada juu kuliko karata zake zilivyoruhusu.

Uhamisho humtoa katika dhiki hiyo. Baada ya Uru 2 na jibu la Kopa 2, mnada umerudi kwake ukiwa bado chini. Akiwa na pointi 0 hadi 7 hupita. Akiwa na 8 au 9 na kopa tano kamili husema Bila Turufu 2, na kumwachia mwenzi aamue kama watabaki chini au watapanda, na kama turufu itakuwa kopa au hakuna. Akiwa na pointi hizo lakini kopa ni sita, husema Kopa 3. Akiwa na 10 au zaidi na kopa tano, huruka hadi Bila Turufu 3, na mwenzi mwenye kopa tatu hurekebisha kuwa Kopa 4. Akitaja jamii mpya katika ngazi ya tatu, anatangaza karata nne au zaidi za jamii hiyo na nguvu ya kutosha kuufikisha mnada kwenye zawadi.

Turudi kwa yule mwenye ghulamu wa kopa tuliyeanza naye. Wanaoanza huogopa kusema chochote wakiwa na mkono wa namna hiyo. Huona aibu na kupita, wakimwacha mwenzi acheze Bila Turufu 1. Ni kosa. Katika mchezo usio na turufu kopa zake ndogo hazina thamani, kwa kuwa mwenzi hatapata njia ya kuufikia mkono ule. Kopa ikiwa turufu, hata 3 yake inaweza kula ree ya mpinzani. Mkono dhaifu ndio unaohitaji uhamisho kuliko mkono wenye nguvu.

Zipo gharama, na ni vyema zitajwe. Uru 2 haiwezi tena kuwa na maana ya uru, hivyo aliye dhaifu mwenye uru sita hupoteza kimbilio lake la asili. Aidha mpinzani hupata nafasi ya kutia dabo ile Uru 2 ili kumwambia mwenzi wake aanze na uru. Dabo hiyo ikitokea, jozi nyingi hukubaliana kwamba aliyefungua atasema Kopa 2 akiwa na kopa tatu au zaidi, na atapita akiwa na mbili tu. Mwenzi atajua la kufanya. Mpinzani akiingilia kwa zabuni yake mwenyewe mara tu baada ya Bila Turufu 1, makubaliano mepesi kwa jozi changa ni kwamba uhamisho umekufa na zabuni zote zinarudia maana yake ya kawaida.

Aliyefungua ana uhuru mmoja. Akiwa na kopa nne na pointi 17, anaweza kuruka hadi Kopa 3 badala ya Kopa 2. Upande wenye turufu tisa mara nyingi huwa salama katika ngazi ya tatu, hoja iliyotiwa nguvu na Mfaransa Jean-René Vernes katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu jumla ya mizunguko.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni lile la mwenye kopa nne tu, au shupaza nne tu. Huyo hatumii uhamisho. Husema Pau 2, zabuni inayoitwa Stayman, kumuuliza mwenzi kama naye ana nne za jamii mojawapo kati ya hizo mbili. Samuel Stayman aliichapisha mwaka 1945, ingawa aliyeibuni ni mwenzi wake George Rapée. Inaonekana kutaja vitu kwa jina la aliyeviandika ni desturi ya mchezo huu. Kwa pau na uru kuna aina nyingine za uhamisho, kupitia Shupaza 2 na Bila Turufu 2, lakini hizo zinaweza kusubiri. Jozi iliyokaa pamoja mwezi mmoja haihitaji mzigo huo, hasa ikizingatiwa kwamba Bila Turufu 2 itapoteza maana yake nyingine.

Mzigo wenyewe ni kumbukumbu. Hakuna zabuni inayosahauliwa kama hii, na kusahau kwake kuna upande wa sheria ambao wachezaji wengi wa vilabuni hawaujui.

Katika mashindano ya nchi kadhaa, Kaskazini akisema Uru 2, Kusini hutakiwa kutamka kwa sauti kwamba ni uhamisho, au kuitaja jamii inayokusudiwa, ili wapinzani wajue. Sasa chukulia kwamba Kaskazini amesahau, na Uru 2 yake ilikuwa uru za kweli, sita, na mkono dhaifu. Anamsikia mwenzi akitamka "kopa" na moyo unampasuka. Amekumbuka. Je, aseme Uru 3 ajiokoe?

Haruhusiwi kuchagua njia hiyo kwa sababu tu ameamshwa. Sheria za Kimataifa za Briji, toleo la mwaka 2017, kifungu cha 16, zinamkataza mchezaji kutumia habari aliyoipata kutokana na maelezo ya mwenzi wake. Lazima aichukulie ile Kopa 2 kana kwamba mwenzi amesikia uru na bado amechagua kopa. Kwa upande mwingine, kifungu cha 75 kinasema kwamba wapinzani wana haki ya kuelezwa makubaliano ya jozi, si ya kuelezwa karata zilizomo mkononi. Ikiwa makubaliano yalikuwa uhamisho, Kusini amesema kweli, na wapinzani hawana dai juu ya kosa la Kaskazini lenyewe.

Katika mashindano ya dunia tatizo hili hupunguzwa kwa kiambaza kinachowekwa katikati ya meza, kikimtenga kila mchezaji na mwenzi wake. Viambaza hivyo vilitumika kwa mara ya kwanza katika Bermuda Bowl mwaka 1975. Klabuni hakuna kiambaza; kuna uso wa mwenzi wako tu, na unavyobadilika.

Uhamisho uleule hutumika pia baada ya kufungua kwa Bila Turufu 2, ngazi moja juu zaidi: Uru 3 huita Kopa 3, na Kopa 3 huita Shupaza 3. Hapo kusahau ni ghali zaidi, kwa sababu hakuna nafasi ya kurudi chini.

Kwa mwenye kopa au shupaza sita na nguvu ya kwenda moja kwa moja kwenye zawadi, kuna uhamisho wa ngazi ya nne uitwao Texas, ambao huhusishwa na Mmarekani David Carter. Uru 4 huita Kopa 4, na Kopa 4 huita Shupaza 4. Hatari yake iko wazi: mfunguzi aliyechoka usiku wa manane huisikia Kopa 4, huiona ni mkataba mzuri, hupita, na mwenzi wake hulazimika kuicheza akiwa na kopa moja. Kuna namna nyingine, ijulikanayo kama Texas ya Afrika Kusini, ambamo Pau 4 huita Kopa 4 na Uru 4 huita Shupaza 4, na hivyo Kopa 4 hubaki na maana yake ya asili. Kwa jozi isiyocheza kila wiki hiyo ndiyo salama zaidi. Jozi zinazotumia Pau 4 kumuuliza mwenzi idadi ya ree zake, kwa njia iitwayo Gerber, haziwezi kuwa na vyote viwili, na ni lazima zikubaliane kabla ya kukaa mezani ni kipi kinachoachwa.